Mbwa Mwenye Manyoya Mengi Wakati wa Kaskazi

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mbwa. Wala si mbwa wote, bali wale wenye manyoya mengi na mazito, ambao asili yao ni nchi za baridi. Mbwa hao wako wengi kwetu, na hasa yule aitwaye Alsatian, ndiye mbwa wa kuchunga wa Kijerumani. Twamwona akilinda maghala na maduka mijini, akifuatana na askari wa polisi, na akilala mlangoni mwa watu mashambani.

Kila mwaka upepo wa kaskazi uingiapo, tangu Desemba hadi Machi, jua huwaka na jasho hututoka hata tukiwa kivulini. Siku hizo watu humtazama mbwa wa namna hiyo akitweta, ulimi nje, nao humwonea huruma. Husema, "Maskini, huyu amevaa blanketi wakati wa joto. Haya, tumvue." Hapo huchukua mkasi au mashine ya kunyolea, wakamnyoa hata ngozi ikaonekana.

Huruma hiyo ni njema, lakini tendo lenyewe si jema. Mbwa aliyenyolewa hivyo aweza kuungua ngozi, aweza kupatwa na joto zaidi kuliko kwanza, na pengine manyoya yake hayarudi tena kama yalivyokuwa. Kwa hiyo yafaa tujue kwanza kazi ya manyoya hayo, kisha tuone jinsi ya kuyatunza, na mwisho tujifunze la kufanya siku joto litakapomzidi mnyama. Jambo hili la mwisho ni la kufa na kupona, maana joto laweza kumwua mbwa mwenye nguvu katika muda mfupi sana.

Nguo mbili katika mwili mmoja

Mshike mbwa wako wa Alsatian, utenge manyoya ya mgongoni kwa vidole hata uone ngozi. Utaona kwamba manyoya yake ni ya namna mbili. Ya nje ni singa ndefu, ngumu kidogo, zenye kuteleza. Hizo huzuia mvua, miiba, vumbi na jua. Ya ndani ni mafupi, laini, yamesongamana kama sufi ndani ya mto. Hayo hushika hewa karibu na ngozi. Basi mbwa huyu amevaa nguo mbili, kanzu juu na fulana ndani, na kila moja ina kazi yake.

Nguo hizo zilimfaa sana katika nchi zake za asili. Mbwa wa Alsatian alikuwa mchunga kondoo katika Ujerumani, na mwaka 1899 askari mmoja wa huko, Max von Stephanitz, alianzisha chama cha kuitunza mbegu yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza hawakupenda kulitaja jina la Kijerumani, ndipo wakamwita Alsatian. Jina lake la kwanza halikukubaliwa tena rasmi kwao mpaka mwaka 1977. Na mbwa wa kaskazi ya mbali, kama vile Husky, huweza kulala juu ya theluji. Mwaka 1925 ugonjwa wa dondakoo ulipoingia katika mji wa Nome, katika Alaska, dawa ilichukuliwa kwa magari ya kuteleza yaliyovutwa na mbwa wapatao 150 kwa kupokezana. Walikwenda maili 674 katika baridi kali, wakafika kabla ya siku 6 kutimia. Bila manyoya ya namna mbili safari ile isingaliwezekana.

Lakini msidhani kwamba manyoya hayo ni ya baridi tu. Katika nyanda za juu za Anatolia, nchi ya Uturuki, wakati wa baridi theluji huanguka, na wakati wa joto jua huunguza majani. Mbwa walindao kondoo huko hukaa nje nyakati zote mbili, na manyoya yao ni ya namna mbili vilevile, ingawa si marefu. Tangu mwaka 1994 mbwa wa mbegu hiyo wamekuwa wakipewa wafugaji wa Namibia ili walinde mbuzi na kondoo wasiliwe na duma, na nchi ile ni ya jua kali. Hata kwetu Tanzania, katika vijiji vya karibu na hifadhi ya Ruaha, wamepata kujaribiwa. Hakuna awanyoaye mbwa hao ili wafanye kazi juani.

Sababu yake mtaifahamu upesi mkifikiri habari za nyumba. Nyumba mbili zimesimama pamoja, moja imeezekwa kwa makuti, nyingine kwa bati tupu. Saa 7 mchana utaingia ipi upumzike? Bila shaka utaingia ile ya makuti, ijapokuwa paa lake ni nene mara nyingi kuliko bati. Unene ule, pamoja na hewa iliyomo kati ya makuti, huzuia joto la jua lisipite upesi kuingia ndani. Manyoya ya mbwa ni makuti yake. Ukimnyoa umeng'oa makuti, ukamwacha na paa la bati. Na chini ya bati hilo iko ngozi nyembamba kuliko yetu, ambayo haikuzoea kuliona jua.

Hata hivyo paa la makuti hufaa likiwa limeezekwa vizuri. Makuti yakioza, yakashikana na kujaa maji, nyumba huwa na fukuto na harufu mbaya. Ndivyo yalivyo manyoya ya mbwa. Yale ya ndani yakifa na kunyonyoka, lakini yakabaki yamenasa katika singa za nje, hewa haipiti, unyevu haukauki, na joto la mwili halipati njia ya kutoka. Basi adui wa mbwa si manyoya mazima. Adui ni manyoya yaliyokufa yasiyoondolewa. Mtu akilishika neno hili moja, ameishika nusu ya mazungumzo yetu.

Jinsi mbwa anavyojipoza

Sisi wanadamu hutokwa na jasho mwili mzima. Jasho hukauka juu ya ngozi, na likikauka huondoa joto. Ni kazi ileile ya mtungi wa udongo: maji kidogo hupenya nje, upepo ukayakausha, na yale yaliyomo ndani yakawa baridi. Lakini mbwa hana jasho la kutosha kumpoza. Hutokwa na jasho kidogo tu katika nyayo zake. Mtungi wake ni kinywa, ulimi na pua. Akitweta hupitisha hewa nyingi juu ya mahali penye maji, na maji yakikauka hupoza damu ipitayo pale. Mbwa aliyetulia huvuta pumzi mara 30 hivi kwa dakika. Akitweta kwa nguvu huweza kufika mara 300 na zaidi.

Sasa angalieni hatari ya pwani. Wakati wa kaskazi hewa ya Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam huwa imejaa unyevu, na nguo zilizofuliwa huchelewa kukauka. Kama nguo hazikauki, basi na ulimi wa mbwa haukauki upesi. Atatweta kwa nguvu, lakini faida itakuwa kidogo. Ndiyo maana joto la pwani humwumiza mbwa kuliko joto kama lile la nchi kavu ya bara. Na mbwa mnene, mbwa mzee, mbwa mwenye maradhi ya moyo, na yule mwenye pua fupi iliyobonyea, hao huumia kabla ya wengine.

Mbona hapukutishi kwa majira?

Watu waliosoma vitabu vya Ulaya husema kwamba mbwa hupukutisha manyoya ya ndani mara mbili kwa mwaka, nao hustaajabu kuona mbwa wao hapa akipukutisha kila mwezi. Kiini cha jambo ni urefu wa mchana. Mwili wa mnyama huhesabu mwanga kuliko hata joto. London mchana wa mwezi wa Juni hufika saa 16 na nusu, na ule wa Desemba hautimii saa 8. Tofauti hiyo kubwa huuambia mwili, "Sasa vua," au "Sasa vaa." Lakini kwetu, karibu na ikweta, tofauti ni ndogo sana. Nairobi ni dakika chache tu; Dar es Salaam haitimii saa moja. Mwili wa mbwa hausikii amri iliyo wazi, kwa hiyo hupukutisha kidogo kidogo mwaka mzima.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kumchana mbwa katika nchi zetu haina majira. Atakaye kungoja mpaka joto lianze ndipo achane, atakuta manyoya yaliyokufa yamekwisha rundikana.

Namna ya kuchana

Vyombo vyake si vya gharama. Chanuo la mti lenye meno marefu yaliyoachana lafaa sana, pamoja na burashi ngumu. Mbwa mwenye manyoya mazito achanwe mara 2 au 3 kwa juma. Na wakati manyoya yanapotoka kwa wingi, achanwe kila siku. Robo saa kila mara yatosha. Chagueni asubuhi na mapema au jioni, mahali penye kivuli.

Wengi hupitisha burashi juu juu tu. Mbwa akang'aa, nao wakaridhika. Kuchana huko ni kama kufagia katikati ya chumba na kuacha pembe. Njia iliyo sawa ndiyo hii. Anzeni chini, miguuni. Kwa mkono wa kushoto inueni manyoya kuelekea juu, ili mwone mstari wa ngozi. Kisha kwa mkono wa kulia chaneni yale ya chini ya mstari huo, kutoka ngozini kwenda nje. Mkimaliza, shusheni manyoya mengine kidogo, mchane tena. Endeleeni hivyo, mstari kwa mstari, mpaka mgongoni. Chanuo likipita kutoka ngozini hata nchani bila kukwama, hapo pamekwisha.

Ziko sehemu zifichazo mafundo, nazo ni lazima zikaguliwe kwa vidole: nyuma ya masikio, makwapani, kinenani, nyuma ya mapaja, penye shina la mkia, na chini ya ukanda wa shingoni. Fundo dogo hulegezwa kwa vidole, likafunguliwa kutoka nchani kidogo kidogo. Fundo gumu hukatwa, lakini kwa uangalifu: ingizeni kwanza meno ya chanuo kati ya ngozi na fundo, kisha mkate juu ya chanuo. Asiyefanya hivyo huvuta ngozi pamoja na fundo, akaikata bila kujua, maana ngozi ya mbwa huvutika kama kitambaa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundo la leo lililo kama punje ya mahindi, baada ya majuma machache huwa bamba zima. Chini ya bamba hilo unyevu haukauki, ngozi hulainika na kuwasha, mbwa hujikuna na kujilamba, na kwa siku moja au mbili tu hutokea kidonda chekundu chenye majimaji. Mkikiona, kateni manyoya ya kandokando ili hewa ifike, mkisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kijiko kidogo kimoja katika nusu lita, na mmzuie mbwa asikilambe. Kikienea au kikinuka, mpelekeni kwa bwana mifugo.

Mtoto wa mbwa azoezwe kuchanwa angali mdogo, dakika chache kila siku, kwa upole na kwa kumpa kitu kidogo cha kula. Samaki mkunje angali mbichi. Mbwa mzima asiyezoea aweza kuuma. Wala mtoto wa shule asiachiwe kumchana peke yake mbwa asiyemjua. Mbwa wote wachanjwe chanjo ya kichaa cha mbwa kama bwana mifugo aagizavyo. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa robo saa nzima, kisha aende hospitali siku ileile. Na yule ambaye dini yake humtaka ajitahirishe aguswapo na mate ya mbwa, chanuo lenye mpini na kitambaa cha kuvaa mkononi vitamrahisishia kazi yake.

Kuosha na kukausha

Kanuni ya kwanza ya kuosha ni kuchana kabla ya kuosha. Fundo likilowa hukaza kama kamba iliyopata mvua, na kulifungua baadaye ni taabu. Mbwa mwenye manyoya mazito huhitaji kuoshwa mara moja tu kwa mwezi au zaidi ya mwezi, isipokuwa amejipaka uchafu. Akioshwa kila siku hupoteza mafuta ya ngozi, na mafuta hayo ndiyo yafanyayo singa ziteleze na kuzuia maji.

Sabuni kali ya kufulia haifai, kwa kuwa hukausha ngozi. Tumieni sabuni ya mbwa, au sabuni laini kwa kiasi kidogo. Maji yafike ngozini, nayo sabuni yote itoke; sabuni iliyobaki katika manyoya ya ndani huwasha kama upupu. Mkimaliza, kamueni maji kwa mikono, mfute kwa kitambaa kikavu, kisha mbwa akae kivulini penye upepo hata akauke mpaka ngozini. Mbwa anayeogelea baharini aoshwe kwa maji ya kisima akitoka, ili chumvi na mchanga visibaki. Singa za juu hukauka upesi na kutudanganya. Ingizeni vidole ndani, ndipo mtajua kweli.

Kupe na nzi

Manyoya mazito ni msitu, na msitu una wakazi wake. Mkubwa wao ni kupe. Kupe wa mbwa huleta maradhi ya damu yawezayo kuua: mbwa hupata homa, hukataa chakula, fizi zake huwa nyeupe, na pengine mkojo wake huwa mwekundu au wa rangi ya chai kavu. Mkiona dalili hizo msingoje kesho.

Kila jioni pitisheni vidole masikioni, shingoni, makwapani na kati ya vidole vya miguu. Kupe aliyekamata hushikwa kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, akavutwa moja kwa moja, polepole, bila kuzungushwa. Msimchome kwa moto wala msimponde mwilini mwa mbwa. Tena angalieni mahali alalapo mnyama. Kupe jike akishiba huanguka, akajificha katika nyufa za ukuta na kutaga maelfu ya mayai. Atakayesafisha mbwa asisafishe kibanda, amefanya nusu ya kazi. Zibeni nyufa, chomeni majani ya zamani ya kulalia, na mfagie kila siku.

Hapa hapana budi tuonye kwa nguvu. Wako watu wampakao mbwa mafuta ya taa au mafuta machafu ya gari ili kuua kupe. Mafuta hayo huunguza ngozi, tena mbwa akijilamba huyameza, akapata sumu. Wengine humtia mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo. Dawa impasayo ng'ombe mzima yaweza kumwua mbwa. Iko dawa ya mbwa, nayo ina kipimo chake kwa uzito wa mnyama; mwulizeni bwana mifugo.

Nzi naye hupenda manyoya yaliyolowa mkojo, mavi au usaha. Hutaga mayai humo, na mayai yaweza kuanguliwa kabla ya siku moja kupita, yakatoka mabuu yaingiayo katika nyama. Mbwa mzee asiyeweza kujisafisha, na mwenye kidonda kilichofichika chini ya manyoya, aangaliwe asubuhi na jioni.

Wakati gani kukata kwafaa?

Hatusemi kwamba mkasi ni haramu kabisa. Manyoya yaotayo kati ya nyayo hukatwa, kwa sababu hushika miiba na kuzuia nyayo zisipoe. Yale ya kandokando ya njia ya haja hupunguzwa kwa ajili ya usafi. Daktari wa wanyama aweza kunyoa mahali penye kidonda, au kumnyoa mnyama mzima ambaye manyoya yake yamekuwa bamba moja lisilochanika. Tena wako mbwa wengine, kama Poodle, ambao manyoya yao ni ya namna moja tu na hukua bila kukoma. Hao hukatwa kama nywele za mtu. Ila mbwa mwenye nguo mbili, kama Alsatian, Husky, Collie na Newfoundland, asinyolewe hata ngozi kwa sababu ya joto. Na aliyekwisha nyolewa azuiwe juani mpaka manyoya yarudi, maana ngozi yake sasa haina kinga.

Maji, kivuli na saa

Hata mbwa aliyechanwa vizuri hawezi kushindana na jua la mchana. Maji safi yawepo siku zote, katika chombo kizito kisichopinduka, nacho kikae kivulini. Kivuli cha mti ni bora kuliko kibanda cha bati, kwa kuwa kibanda cha bati saa 8 mchana ni tanuri. Asifungwe kwa mnyororo mfupi, maana kivuli huhama na yeye hawezi kukifuata. Kamba iliyompa kivuli saa 3 asubuhi humwacha juani saa 6.

Matembezi na kazi viwe kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya jua kuchwa. Kabla ya kutoka, weka mgongo wa mkono wako juu ya lami au mchanga, uhesabu polepole mpaka 7. Kama huwezi kuvumilia, basi nyayo zake nazo hazitavumilia. Wala asiachwe kamwe ndani ya gari lililofungwa, hata kivulini, hata kwa kitambo kidogo. Joto la ndani hupanda kuliko la nje, na sehemu kubwa ya kupanda huko hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kufungua kioo kwa upana wa vidole viwili hakusaidii.

Joto likimzidi

Joto la mwili wa mbwa mzima ni digrii 101 hadi 102.5 za Fahrenheit, yaani 38.3 hadi 39.2 za Celsius. Likipita 105.8, yaani 41, yu hatarini. Lakini msingoje kipimo, zitazameni dalili. Atatweta kwa nguvu bila kutulia hata akiwa kivulini. Udenda utakuwa mzito na kunata. Fizi zitakuwa nyekundu sana, kisha kufifia na kuwa kama majivu. Atapepesuka kama mlevi, pengine atatapika au kuhara, kisha ataanguka.

Hapo fanyeni haya, bila kukawia. Mpelekeni kivulini penye upepo. Mmwagieni maji, maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake yafaa, hata ya kisima au ya mtungi. Na hapa ndipo manyoya mazito yanapohitaji maarifa: maji yakimwagwa juu ya singa huteleza yakaanguka chini, na ngozi ikabaki kavu. Basi tengeni manyoya kwa vidole, mwingize maji mpaka ngozini, na hasa tumboni, makwapani, kinenani na miguuni, ambapo manyoya ni machache. Mwingine ampepee kwa kipepeo, kwa ubao au kwa kitambaa, kwa kuwa upepo na maji pamoja ndio huondoa joto. Msimfunike kwa gunia lililolowa mkaliacha juu yake. Baada ya kitambo gunia hilo hupata joto na kulizuia lisitoke. Akiwa na fahamu mpeni maji anywe kidogo kidogo. Akiwa hana fahamu msimtie maji kinywani.

Mpozeni kwanza, ndipo mmsafirishe. Wengi wamepoteza wanyama wao kwa kukimbilia gari kabla ya kumwaga hata ndoo moja. Pumzi yake ikitulia acheni kumwagia maji, asije akapata baridi kupita kiasi. Kisha mpelekeni kwa daktari wa wanyama hata kama amesimama na kutikisa mkia. Joto kali huweza kuumiza figo, ini na damu, na madhara yake pengine huonekana baada ya siku moja au mbili.

Haya ndiyo tuliyotaka kuwaambia leo. Mnaporudi nyumbani jioni hii, msiende na mkasi. Nendeni na chanuo. Tengeni manyoya ya mbwa wenu, mtazame ngozi, mtafute mafundo na kupe, mwangalie kama chombo chake kina maji na kama mahali pake pana kivuli saa za mchana. Mnyama yule hukesha usiku ili ninyi mlale, wala hana kinywa cha kusema, "Nimeshikwa na joto." Mlezi wake ndiye amsemeaye.